Kopo la dagaa Kabungu na upepo wa Karema

Sokoni Kabungu dagaa hupimwa kwa kopo. Mama muuzaji anachota, analitikisa kopo wajipange, kisha anaongeza konzi moja juu mpaka wanamwagika pembeni. Siku kopo likipanda bei, sababu mara nyingi huwa moja: upepo. Ukiwa Kabungu hulioni Ziwa Tanganyika, lakini wilaya yake inaitwa Tanganyika, na jina hilo ina haki nalo. Mawimbi yakichafuka kwenye mialo ya Ikola na Karema, vipe, boti za wavuvi wa dagaa, vinabaki vimevutwa mchangani na huku bara watu wanakula ugali kwa matembele.

Upepo huo una desturi yake. Kuanzia Mei hadi Septemba hutoka kusini mashariki na kulifuata ziwa kwa urefu wake, na urefu huo ni kama kilometa 670. Upepo ukikosa kizuizi kwa umbali wa namna hiyo, wimbi dogo la kusini hufika kaskazini likiwa limekomaa. Msimu wa mvua ni hatari ya aina nyingine: wingu jeusi linachomoza mlimani, na kabla nahodha hajageuza boti, dhoruba imeshamkuta. Desemba 2014, meli MV Mutambala ilizama upande wa Kongo na zaidi ya watu 100 wakafa. Mzigo uliozidi na upepo mkali ndivyo vilivyotajwa.

Wenzetu wa bahari za barafu walijifunza kwa msiba kama huo. Titanic ilipogonga mwamba wa barafu Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 walipotea. Meli nyingine zilikuwa zimeiona barafu na kutuma salamu za simu ya upepo usiku uleule, lakini onyo halikubadilisha mwendo wa meli. Miaka miwili baadaye ikaanza doria ya kimataifa ya barafu. Siku hizi setilaiti zenye rada huitazama barafu hata gizani na katikati ya mawingu, ramani zinachorwa, na tangu Januari 2017 sheria ya kimataifa ya meli za ncha za dunia inazitaka meli ziwe na njia ya kupokea taarifa hizo zikiwa safarini. Neno ninalolishikilia hapo ni kupokea.

Kwetu utabiri upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa upepo, kasi yake na kimo cha mawimbi, na hatari ikikaribia hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Karema nako serikali imejenga bandari kwa takribani shilingi bilioni 48, mizigo ivuke kwenda Kalemie na Moba, upande wa Kongo. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mvuvi wa dagaa hatii nanga bandarini. Anasukuma kipe jioni kutoka kwenye mwalo, na taa zake, usiku usio na mbalamwezi, na huko katikati simu yake mara nyingi haina mtandao. Taarifa iliyomkosa saa kumi na moja jioni haitamfikia tena mpaka asubuhi.

Dawa yake si ghali. Nguzo moja kila mwalo, bendera za rangi tatu kwa ngazi hizo tatu za onyo, na mtu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, mwenye jukumu la kuzipandisha kabla jua halijazama. Kipaza sauti cha kijiji kisome kimo cha wimbi kwa mita, na mwenye boti ya abiria azuiwe kuondoka bendera nyekundu ikiwa juu, hata kama abiria wameshalipa nauli. Madiwani wa wilaya ya Tanganyika, mnapokaa kupanga bajeti ijayo, wekeni fungu la nguzo hizo. Anzeni na Ikola na Karema.