Baridi ile ya korona na dirisha lililofungwa

Ikiwa umewahi kuishi Nairobi mwezi wa Julai, hakuna haja ya mtu kukuhadithia habari za baridi yake. Jiji hili limekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ifikapo katikati ya mwaka jua hujificha nyuma ya mawingu siku nne au tano mfululizo, manyunyu yakaanguka asubuhi na watu wakatoka majumbani wamevaa sweta juu ya sweta. Mgeni kutoka Mombasa au Garissa hudhani ameingia ndani ya friji. Wazungu wakisikia kwamba Kenya nako kuna baridi huangua kicheko, lakini wao nyumba zao zimejengwa zikiitarajia. Sisi tuna kuta za mawe au mabati, na aghalabu dirisha moja.

Dirisha hilo moja ndilo ninalotaka tulizungumzie leo.

Rudi nyuma kidogo hadi mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa Ijumaa, Machi 13, na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Machi 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na Aprili 6 jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa, hapana kuingia wala kutoka. Wakati huo wengi walijipa moyo wakisema virusi vile haviwezi kuhimili jua la Afrika. Kisha Juni ikaingia, na jua lenyewe likatutoroka.

Julai ilipoanza, waliokuwa wamethibitishwa kuambukizwa nchini kote hawakuwa wamefika 7,000. Mwezi ulipokwisha, idadi ilikuwa imepita 20,000. Sitaki kukwambia kuwa baridi peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Julai 6 Rais alitangaza kuwa vizuizi vya usafiri vimeondolewa, na watu waliokuwa wamekwama jijini tangu Aprili wakafunga safari kwenda kuwaona wazazi mashambani. Vipimo pia viliongezeka. Lakini yeyote aliyepanda matatu asubuhi za mwezi ule alijionea mwenyewe jinsi baridi ilivyoshirikiana na ugonjwa. Gari la abiria 14 liliruhusiwa kubeba 8 pekee, makanga akasimama mlangoni na chupa ya dawa ya kutakasa mikono, kila mtu akatoa kiganja chake kwa adabu. Baada ya hapo madirisha yote yalifungwa kikiki kuanzia Githurai hadi mjini! Ukithubutu kulivuta lako hata inchi mbili, abiria wa nyuma alikukaripia kama mtoto.

Huenda unakumbuka pia jinsi tulivyopata habari. Kila alasiri familia ziliketi mbele ya runinga au karibu na redio kusubiri taarifa ya Wizara ya Afya, nao maafisa wakasoma hesabu: waliopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki. Kisha ilifuata sehemu ambayo kila mtu aliitegea sikio, pale visa vilipogawanywa kaunti kwa kaunti, na kwa Nairobi, kaunti ndogo kwa kaunti ndogo. Kibra wangapi, Westlands wangapi, Lang'ata wangapi, Makadara wangapi. Mtaa wako usipotajwa ulishusha pumzi. Ukitajwa, ulianza kuwatazama majirani kwa jicho la kando.

Hesabu zile zilikuwa za lazima, na bila shaka ziliwafanya watu wengi wachukue hadhari. Kwa maoni yangu, hata hivyo, zilikuwa habari za mbali. Zilikwambia kuna wagonjwa kumi Embakasi, eneo lenye maelfu kwa maelfu ya watu, bila kukwambia mzee wa chumba cha saba ambaye hajatoka nje tangu juzi anaendeleaje. Habari za aina hiyo huletwa na watu: msimamizi wa ploti, mama wa kibanda cha mboga, mzee wa Nyumba Kumi, na wale wahudumu wa afya wa kujitolea waliopita mlango kwa mlango wakiwa na kitabu na kalamu. Mahali ambapo watu hao hawakuwapo, pengo lilijazwa na uvumi. Mnamo Machi 2020, katika sehemu kadhaa za nchi, watu waliamshwa usiku wa manane kwa simu za jamaa zao wakiambiwa wanywe chai ya strungi kabla ya mapambazuko, eti mtoto mchanga amezaliwa akanena kuwa hiyo ndiyo tiba. Usicheke. Aliyepiga simu alikuwa shangazi anayekupenda, na nambari ya wizara, 719, haikuwa na sauti ya shangazi.

Basi ushauri rasmi ulikuja, nao ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Juni 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuwatunza wagonjwa nyumbani, kwa wale wasio na dalili au wenye dalili hafifu, kwa vile vitanda vya hospitali visingetosha. Mgonjwa akae katika chumba chake, chenye hewa ya kutosha, na ikiwezekana awe na choo chake. Sasa hebu fikiria. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Ni wangapi kati yao wenye chumba cha ziada cha kumtengea mgonjwa? Mathare, Mukuru au Kawangware, chumba kimoja ndicho sebule, jikoni na malazi, na pazia ndilo ukuta. Nyanya aliyekuja kutoka mashambani Februari kwa ajili ya kliniki akakwama jijini hadi Julai, alilala upande mmoja wa pazia hilo, na mjukuu anayekohoa upande wa pili.

Kwa familia kama hiyo, kitu kilichobaki mikononi mwao kilikuwa hewa. Na hapa ndipo tulipopewa habari nusu. Miezi ile ya mwanzo mkazo wote ulikuwa juu ya mikono na vitu: nawa, takasa, usiguse uso. Vibuyu chirizi vikaning'inizwa kila lango, jambo jema ambalo natamani lisingekwisha. Malori ya maji yakanyunyizia dawa sokoni na barabarani, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza Mei 2020 kuwa kunyunyizia dawa barabarani hakuzuii ugonjwa huo. Julai 6, siku ile ile Rais alipofungua jiji, wanasayansi 239 kutoka nchi mbalimbali walichapisha barua wakizitaka mamlaka za afya zikiri kwamba virusi hivyo husafiri hewani, ndani ya matone madogo mno yanayoelea katika chumba kilichofungwa kama moshi wa sigara unavyoelea. Barua hiyo iliongozwa na Lidia Morawska wa Australia na Donald Milton wa Marekani. Maana yake kwa mkazi wa Nairobi ilikuwa moja tu: fungua dirisha. Na mwezi wenyewe ulikuwa ule ambao hakuna mtu mwenye akili timamu hapa mjini angefungua dirisha!

Naam, na dirisha likifungwa, jiko huingizwa ndani.

Hili la jiko, msomaji, nitakaa nalo kidogo, kwa maana lilikuwapo kabla ya korona na lingali nasi. Kila msimu wa baridi huwa tunasoma habari za familia iliyolala salama na haikuamka, jiko la makaa likiwa katikati ya chumba. Majirani huanza kunong'ona juu ya sumu na maadui. Sumu ni kweli ilikuwapo, ila ilitoka kwenye makaa yale yale yaliyopika ugali.

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukishaivuta huingia kwenye damu na kujishikiza pale ambapo oksijeni ingekaa, tena hujishikiza kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili hukosa oksijeni huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka kama kawaida. Wako watu wanaosema jiko halina madhara mradi moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. La hasha. Moshi ndio uliokuwa ukikuonya. Ukishakwisha, gesi huendelea kutoka kimyakimya. Hata lile jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo tangu miaka ya 1980 limewapunguzia wengi gharama ya makaa, hutoa gesi hiyo. Ndoo ya maji kando ya jiko, ambayo wengi wetu tuliambiwa utotoni kuwa hunyonya sumu, haisaidii chochote.

Balaa zaidi ni kwamba dalili zake zinafanana na za mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, mwili kukosa nguvu. Katika ile Julai, mtu aliyeamka na dalili hizo alifikiri korona mara moja, akajifungia ndani zaidi, ambako ndiko hatari ilikokuwa. Kuna alama chache za kutofautisha. Gesi hailetei mtu joto mwilini. Hupenda kuwashika wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja, hata paka. Na mtu akitoka nje akapunga hewa kwa muda, kichwa huanza kutulia. Ukiona hivyo, fungua mlango na dirisha, mtoe kila mtu nje, jiko pia, kisha nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kuwa mlilala na jiko. Usione haya, kwa sababu asipoambiwa anaweza kutibu kitu kingine. Wale walionunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni wasikitegemee hapa: cha kawaida hakitofautishi oksijeni na gesi hiyo, kwa hiyo kinaweza kuonyesha tarakimu nzuri huku mtu anazimia.

Kwenda hospitali usiku nako, wakati wa kafyu, kulikuwa kisa kingine. Machi 2020, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya watu, akafariki. Afisa mmoja alifikishwa mahakamani. Baada ya hapo, ni mzazi gani angemtoa mgonjwa nje saa nane za usiku bila kusita? Ni hofu hiyo iliyomsukuma Dkt Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi, kuanzisha mwaka huo huduma ya Wheels for Life, iliyowawezesha kina mama waja wazito kupiga simu, kuzungumza na daktari na kutumiwa gari bila malipo. Alianza kwa sababu aliona wodi ya uzazi ikipungukiwa na watu ghafla, na alijua vyema kuwa wajawazito hawakuwa wamepungua mitaani.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Covid-19 si dharura ya kimataifa tena. Kenya ilikuwa imeandikisha vifo zaidi ya 5,600, na hao ni wale waliopimwa na kuhesabiwa. Watoto waliopoteza miezi kadhaa ya masomo, wakafanya KCPE ya 2020 mnamo Machi 2021, sasa ni vijana warefu kuliko wazazi wao. Virusi havikuondoka, vimejiunga na mafua, kikohozi na nimonia katika orodha ya wageni wanaobisha hodi kila Juni.

Sasa wewe unafanya nini baridi ikirejea? Sikuambii ulale dirisha wazi ukitetemeka kwa baridi. Dirisha linaweza kuachwa na upenyo wa vidole vitatu juu, mbali na kichwa cha mtoto, na mlango ukafunguliwa dakika kumi asubuhi na jioni ili hewa ibadilike. Jiko liwashwe nje, likae nje, na usiku lizimwe huko huko. Fedha za makaa ya kuotea moto zikiwekwa kando majuma machache hununua blanketi la pili huko Gikomba. Anayekohoa avae barakoa akiwa karibu na mzee au mtoto mchanga, hata kama ni ndani ya nyumba. Na katika matatu, vuta kioo inchi mbili. Watakukaripia, wakaripie.

Kuhusu wale wahudumu waliokuwa wakipita na kitabu na kalamu, mambo yamebadilika kiasi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa, mkiwemo kipimajoto na mashine ya kupima shinikizo la damu, na simu badala ya daftari. Marupurupu yao hulipwa nusu na serikali kuu na nusu na kaunti, na kama mnavyozijua kaunti zetu, malalamiko ya kucheleweshwa hayajakosekana. Hata hivyo wapo, na kila mmoja amepewa nyumba zake za kuzuru. Ikiwa wako hajawahi kufika mlangoni kwako, nenda ukaulizie katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wahamasishaji hao hufanya kazi chini ya vituo hivyo, na huko ndiko utakakoelezwa ni nani aliyepangiwa mtaa wenu.