Bandari ya Dar es Salaam na haki ya jirani asiye na bahari

Msafiri avukaye kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni hulizoea jambo moja: mara nyingine pantoni husubiri ili kuipisha meli kubwa. Meli hiyo hupita katika mlango mwembamba wa bahari na kuelekea kwenye magati yaliyoenea hadi Kurasini, wilayani Temeke. Abiria huitazama, kisha huendelea na safari yao. Lakini shehena iliyomo huenda si ya Dar es Salaam, wala si ya Tanzania. Huenda inangojewa Lusaka, Lubumbashi, Bujumbura au Kigali.

Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, akikusudia uwe kituo cha biashara. Alipofariki mwaka 1870 kazi hiyo ilizorota. Wajerumani ndio walioufanya makao makuu ya koloni lao. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914, na Ziwa Tanganyika likaunganishwa na Bahari ya Hindi.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, njia ya kusini ya Zambia iliingia mashakani. Msaada ulipatikana Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Hadi leo shaba huteremka kuja pwani, nayo mafuta, mbolea, ngano na magari hupanda kwenda bara.

Basi kazi ya bandari haiishii getini. Kasha likikaa kupita muda wake hutozwa fedha. Lori likikwama njiani, gharama huongezeka. Mfanyabiashara huiingiza gharama hiyo katika bei. Anayeilipa mwishowe ni mama wa Lubumbashi anunuaye sabuni, au mkulima wa Zambia angojaye mbolea huku mvua zikikaribia.

Jirani huyo naye hakosi njia nyingine. Wapo wenye kuitazama Mombasa, na wapo wenye kuitazama Beira, Durban au Lobito. Winchi mpya hununuliwa na kina cha bahari huchimbwa, lakini uaminifu wa karani, dereva, mchukuzi na wakala wa forodha haununuliki popote.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia majumbani mwetu, kwani watu hao ni baba zetu, kaka zetu na watoto wetu. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Mwenye kuchelewesha karatasi ili apewe chochote, au kuchomoa mzigo usio wake, naye amepunja, ingawa hakushika mizani. Mzazi amweleze mwanawe haya kabla hajaajiriwa, si baada ya kushitakiwa.

Mji huu umebeba salama katika jina lake. Jirani aliyeuleta mzigo wake hapa ana haki ya kuipata salama hiyo.