Beetle ya Paa la Turubai: Ifufue Nyumbani Bila Kufilisika

Unaijua ile Volkswagen Beetle ya zamani iliyoegeshwa nyuma ya nyumba ya mzee fulani, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma? Sasa fikiria ni ile yenye paa la turubai la kukunja. Tunaelewa kwa nini moyo unaruka! Lakini gari la aina hii linaweza kumeza akiba ya miaka miwili, hasa ukilipa kabla ya kukagua. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu kutu na pesa kwa pamoja.

Kabla hujatuma hata bob

Beetle za paa la kukunja zilitengenezwa na kampuni ya Karmann mjini Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980. Zilikuwa zaidi ya 330,000. Kuna pia zile za kawaida zilizokatwa paa kwa msumeno baadaye, kisha zikauzwa kwa bei ya Karmann.

Inua kiti cha nyuma. Nambari ya chesisi imegongwa kwenye uti wa katikati ya sakafu. Linganisha na ile iliyo kwenye logbook, halafu tafuta rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina la mmiliki si la anayekuuzia? Pesa zikae kwenye simu yako kwanza.

Anza chini, si juu

Kwa gari la kawaida, paa husaidia kushikilia bodi. Hili halina paa la chuma, kwa hivyo nguvu yote iko kwenye sakafu na vizingiti vya chini ya milango. Karmann waliongeza vyuma hapo. Kwa bahati mbaya, maji ya mvua yanayopenya turubai hukaa hapo hapo chini ya kapeti, na kutu inakula polepole.

Jaribu hivi: funga milango gari likiwa chini, kisha liinue kwa jeki na ufunge tena. Ikikwama, bodi imelegea. Fundi asikate chuma chochote kabla ya kuifunga bodi kwa vyuma vya muda, la sivyo itapinda katikati. Kabla ya kuchomelea, tangi la petroli lililo mbele litoke, na betri iliyo chini ya kiti cha nyuma itoke pia.

Lipa kazi, usilipe ahadi

Fundi mzuri hakasiriki ukigawa malipo. Tuseme mmekubaliana KSh 60,000 za kazi ya sakafu. Mpe 15,000 za kuanzia. Mpe 25,000 ukishaona vyuma vimechomelewa, kabla havijafunikwa na rangi. Zile 20,000 za mwisho zitoke milango ikifunga vizuri.

Pesa za vifaa zitenge na za kazi. Nenda na fundi wako Kirinyaga Road, chagueni spea pamoja, kisha lipa wewe mwenyewe kwa Till ya duka. Hivyo unajua kila kifaa kiligharimu ngapi.

Baada ya sakafu, fuata breki na injini, halafu nyaya. Beetle nyingi za kabla ya 1967 hutumia umeme wa volti 6, kwa hivyo uliza kabla ya kununua betri au balbu. Rangi na turubai ziwe za mwisho kabisa. Turubai lililoshonwa mapema halitakaa sawa bodi ikishanyooshwa, na hiyo ni pesa imeenda.

Spea za mtandaoni

"Tuma nusu nikuwekee, kuna mtu mwingine yuko njiani." Umewahi kuambiwa hivyo? Usikimbizwe. Omba picha ya kifaa kikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Ukiwa unalipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la muuzaji, simama hapo. Pesa ulizotuma kwa hiari, zikishatolewa upande ule mwingine, kuzirudisha ni safari ndefu. Na PIN yako haombwi na mtu yeyote, hata sisi.

Weka rekodi

Usifute jumbe za malipo. Kila mwisho wa mwezi, pata taarifa ya akaunti yako na uandike kando ya kila malipo yalikuwa ya nini. Piga picha za kila hatua pia. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi ataona kilicho chini ya rangi na alama za malipo yake, na utakuwa na cha kusimamia kwenye bei.

Umetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi? Wasiliana na huduma yetu kwa wateja mara moja, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi.