Mbwa Aliyepooza Miguu: Swali la Kuuliza Kabla ya Sindano

Tiba ya sindano za Kichina, ambayo wengi huiita akupancha, si ngeni katika nchi yetu. Madaktari kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, nao walikuja na sindano zao nyembamba pamoja na vifaa vya upasuaji. Lisilojulikana sana ni kwamba sindano hizo hutumika pia kwa wanyama. Nchini Marekani, chama cha kimataifa cha madaktari wa mifugo wanaofuata tiba hii kiliundwa mwaka 1974, na leo katika kliniki za huko na za Ulaya mbwa huchomwa sindano ili kupunguziwa maumivu ya viungo na, zaidi ya yote, kutibiwa kupooza kwa miguu ya nyuma.

Kupooza huko kuna sababu yake. Mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi, ambao watu wa miji tajiri wanawapenda mno, huzaliwa na udhaifu katika visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Kisahani kikipasuka hukandamiza uti wa mgongo, na mnyama huburuta miguu. Tabibu humchoma sindano kando ya uti wa mgongo na miguuni, na pengine huunganisha sindano hizo na umeme hafifu. Mwaka 2006 watafiti Habacher, Pittler na Ernst walikusanya majaribio yote waliyoyapata kuhusu akupancha kwa wanyama, wakahitimisha kuwa ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa. Kwa maoni yangu, ikifanywa na daktari wa mifugo aliyefunzwa, haina madhara makubwa na huenda ikatuliza maumivu. Uti uliobanwa sana, hata hivyo, huhitaji kisu cha upasuaji.

Sasa tuihamishe habari hii hadi Kibiti na delta ya Rufiji. Mbwa wa huku si wale wenye miguu mifupi. Ni mbwa wekundu, wembamba, wenye miguu mirefu, wanaolala chini ya dungu usiku kuchunga mpunga usiliwe na nguruwe pori, au wanaofuatana na wawindaji na wafugaji. Wafugaji wengi waliingia bonde la Rufiji baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, wakaja na ng'ombe wao na mbwa wao pia. Mbwa wa aina hii akionekana anayumba, anaburuta miguu ya nyuma, taya limelegea na mate yanamtoka, kisahani cha mgongo si jambo la kwanza la kufikiriwa. La kwanza ni kichaa cha mbwa.

Wengi wanaujua ugonjwa huu kwa sura moja tu, ya mbwa mkali anayekimbia ovyo na kuuma kila kilicho mbele yake. Lakini una sura ya pili, ya kimya. Mbwa hujificha, hulegea, hushindwa kumeza, kisha hupooza. Mwenye mbwa humwonea huruma, akadhani amekwamwa na mfupa kooni, akatia mkono kinywani kumsaidia. Naiogopa sura hii ya pili kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mbwa mkali hukimbiwa, ilhali mbwa mgonjwa hupapaswa. Kirusi kimo katika mate, nacho huweza kuwemo siku kadhaa kabla ya dalili yoyote kujitokeza.

Ndiyo maana, mbele ya mbwa aliyepooza katika ukanda huu, swali linalotangulia kila tiba ni hili: je, amechanjwa, na lini? Ikiwa hajachanjwa, asishikwe na mtu yeyote. Afungiwe mahali asipoweza kuwafikia watu, na afisa mifugo aarifiwe. Zipo sababu nyingine za kupooza, kama vile kugongwa na pikipiki, sumu au kuumwa na nyoka, lakini hakuna mwanakijiji anayeweza kuzitofautisha na kichaa kwa macho tu. Hata sisi madaktari hatuwezi. Uthibitisho hutokana na kupima ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa.

Kwa binadamu, kirusi husafiri polepole ndani ya neva kuelekea kwenye ubongo, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Jeraha la usoni, ambalo huwapata zaidi watoto, hufupisha safari hiyo. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa, na hospitali haina la kufanya ila kumtuliza mgonjwa. Kabla ya dalili tuna kila kitu. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mgonjwa achanjwe, na ikiwa jeraha ni kubwa apewe pia kingamwili ndani ya kidonda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaruhusu ratiba fupi ya kuchanja ndani ya ngozi, sehemu mbili kila siku, siku ya 0, ya 3 na ya 7.

Siku tatu ni chache kwa mkazi wa Kibiti mjini. Kwa mama wa kijiji cha visiwani, ambaye chombo chake hungoja maji yajae ndipo kipite kwenye mikono ya mto katikati ya mikoko, ni safari tatu za kwenda na kurudi, kila moja na nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea. Hapo ndipo wengine huishia sindano ya kwanza. Aheri sindano achomwe mbwa: moja kwa mwaka, kijijini kwake, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya dozi za mtu.

Hili limekwisha kujaribiwa kwetu. Kati ya mwaka 2010 na 2015 Tanzania iliendesha mradi wa mfano wa kuutokomeza ugonjwa huu katika wilaya 28 za kusini-mashariki, pamoja na Pemba. Lengo linalotumika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kurudia, kwa sababu mbwa wetu huishi miaka michache na watoto wao huzaliwa bila kinga. Pemba ilifanikiwa, kisha mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, na chanjo ikabidi irudiwe. Watu wa delta wasidhani basi kuwa maji ni ngome. Mbwa hupanda mtumbwi kama abiria mwingine.

Wapo watakaosema kuwa mbwa ni najisi na hawataki kumgusa. Wanazuoni wanaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba, na anayemleta mbwa kituoni anahitaji kamba tu. Kumshika mnyama ni kazi ya mchanjaji.

Umeme nao si kikwazo kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo mojawapo ya mbwa hubaki na nguvu baada ya kuwekwa miezi 3 katika nyuzijoto 30. Mwaka 2020 watafiti wa hapa nchini na wenzao wa nje wakaeleza chombo cha udongo, kinachopozwa kwa maji yanayovukizwa kama mtungi wa nyumbani, cha kuhifadhia chanjo hiyo vijijini. Mtungi wa namna hiyo unaweza kukaa katika ofisi ya kijiji kule Mbwera au Salale mwaka mzima, na mchanjaji akawafuata watoto wa mbwa wanapozaliwa bila kungoja gari la wilaya.