Piilani, mke aliyefutwa katika hadithi ya mumewe

Ukoma ulipoenea Hawaii, ufalme wa visiwa hivyo ulitunga sheria mwaka 1865 ya kuwakamata wagonjwa na kuwatenga. Januari 1866 wa kwanza wao walishushwa Kalawao, kwenye rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai: bahari pande tatu, genge refu upande wa nne. Hadi utengaji ulipokomeshwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa huko, wengi wao Wahawaii wa asili. Mtoto aliyezaliwa huko alichukuliwa mikononi mwa mama yake, akalelewe na wengine.

Koolau, mchunga ng'ombe wa kisiwa cha Kauai, alikuwa tayari kwenda Molokai kwa sharti moja tu: mkewe Piilani afuatane naye. Alikataliwa. Basi akajificha katika bonde la Kalalau, yeye, mkewe na mwanao mdogo Kaleimanu, ambaye naye alikuwa ameambukizwa. Mwaka 1893 serikali iliyompindua Malkia Liliuokalani iliamua kumtoa kwa nguvu. Koolau alimpiga risasi naibu mkuu wa polisi, Louis Stolz, akamuua. Wakaja askari na mzinga, nao wakarudi bila kumpata.

Piilani hakuwa na ukoma. Njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi, lakini alibaki, akawauguza wote wawili mafichoni huku ugonjwa ukiwala. Mtoto alitangulia kufa. Baadaye akafa Koolau, na Piilani akamchimbia kaburi peke yake, akamzika na bunduki yake, ndipo akarudi kwa watu. Simulizi yake ilichapishwa mwaka 1906 kwa lugha yao ya Kihawaii.

Mwaka uliofuata mwandishi Mmarekani Jack London alitia nanga Hawaii, na baadaye akaandika hadithi fupi "Koolau the Leper". Humo Koolau ni shujaa mpweke, anakufa na bunduki yake bila mtu wa kumfumba macho. Piilani hayumo. Ilipita miaka mingi hadi mshairi W. S. Merwin, mwaka 1998, alipomrudishia mama huyu nafasi yake katika kisa kirefu cha kishairi, "The Folding Cliffs".

Mtunzi wa hadithi ya kihistoria ana ruhusa ya kubuni, na bila kubuni hakuna hadithi. Lakini London alipomwondoa muuguzaji aliondoa kiini cha kisa chenyewe. Koolau hakupigana ili awe shujaa. Alipigana asitenganishwe na watu wake.

Waandishi wetu wanaotaka kusimulia ndui, ukoma au UKIMWI, wasiishie kwenye faili za hospitali na amri za serikali. Karibu kila ukoo una mtu aliyeuguza: aliyechota maji, aliyefua mashuka, aliyekesha. Mwulizeni angali hai, na mwandikeni kwa jina lake.