Sweta ya mtoto haijaisha mpaka nyuzi zifichwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika na maharage yameshaingia ndani, kina mama wengi wa Ngara na Biharamulo hupata nafasi ya kukaa chini na kufuma. Ni miezi ya baridi ya asubuhi na usiku, hasa kwenye vilima vya Ngara vilivyo jirani na Burundi na Rwanda, na anayetarajia kwenda kumwona mzazi hapendi kwenda mikono mitupu. Kofia, soksi au sweta aliyofuma mwenyewe ni zawadi ya heshima.

Lakini kazi nyingi haziishi. Mgongo upo, mkono mmoja upo, mtoto anazaliwa, anaanza kutambaa, na sweta bado iko kwenye kikapu. Nyingine huhesabiwa kuwa zimeisha kumbe bado: zinapelekwa kwa mzazi zikiwa na nyuzi zinazoning'inia kwa ndani. Hizi za pili ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi, na sababu tutaieleza.

Tuanze na zilizokwama. Mara nyingi chanzo ni uzi. Mfumaji ananunua donge moja mnadani, linaisha akiwa kwenye mkono wa kwanza, anarudi kutafuta rangi ileile na hakuna. Hata akiipata, inaweza isifanane. Viwanda hutia uzi rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba yake, ambayo huandikwa kwenye karatasi inayozunguka donge. Donge mbili za bluu zenye namba tofauti huonekana sawa ndani ya duka, lakini ukizitoa juani moja inaonekana imefifia. Kwa hiyo nunua uzi wote siku moja na ulinganishe namba. Kama uzi umeshapungua, usijitese kutafuta usiokuwepo: fuma mikono yote miwili, shingo na pindo kwa rangi nyingine kabisa. Watu watadhani ulipanga hivyo.

Sababu nyingine ni vipimo. Kichwa cha mtoto anayezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa sentimeta 34 au 35 hivi, na akifikisha mwaka mmoja hukaribia 46. Sweta inayofumwa polepole na kupimwa kwa kichanga itakuwa imepitwa siku inapokamilika. Anayejijua kuwa mikono yake si myepesi afume ya miezi sita. Nguo kubwa itasubiri, ndogo haitasubiri. Na wakati wa kufunga vitanzi vya shingo, legeza mkono. Wanaofuma kwa spoku za baiskeli wanaweza kushika mbili pamoja kwenye mstari huo wa mwisho ili vitanzi viwe vipana. Shingo iliyobanwa haipiti kichwani, hata kama sweta yenyewe ni nzuri kiasi gani.

Sasa twende kwenye nyuzi za ndani. Uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto. Kadiri anavyopiga mateke, unakaza. Kidole kinavimba na kuwa chekundu, kisha damu haipiti vizuri, na kikiachwa hivyo kinaweza kuharibika kabisa. Hata unywele wa mama uliodondokea ndani ya soksi unaweza kuleta madhara hayohayo. Mtoto hana maneno, atalia tu, na wakubwa watasema ni chango. Tunashauri hivi: mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, mvue soksi na vifuniko vya mikono, uangalie kidole kimoja kimoja. Ukiona uzi na unafikika, ukate kwa uangalifu. Kama umezama kwenye ngozi, au kidole kimeendelea kuvimba baada ya kuukata, mpeleke zahanati saa hiyohiyo.

Kwa mfumaji, kinga yake ni kazi ya dakika chache. Unapokata uzi, acha mkia wa sentimeta 15 hivi. Uingize kwenye sindano ya kushonea yenye tundu pana, upitishe nyuma ya vitanzi kwa kiasi cha sentimeta 5, kisha urudi nao upande ulikotoka. Vuta kitambaa kidogo ili kijinyooshe, ndipo ukate kilichobaki. Usitegemee fundo peke yake. Fundo linafumuka likifuliwa, na lisipofumuka linakwaruza ngozi. Ukimaliza, pindua soksi nje ndani na upitishe kidole chako mwenyewe. Kikinasa popote, rudia.

Wengine hupenda kuweka utepe wa kufunga shingoni. Unapendeza, lakini unaweza kumkaba mtoto akiwa amelala, nasi tunaona ni bora uachwe kabisa. Vifungo viwe vichache, vishonwe kwa uzi imara, na uvivute kwa nguvu kabla ya kuiona kazi imekwisha, kwa sababu kinachong'oka huenda mdomoni.

Kofia ndiyo tungeshauri uimalize kwanza, kabla ya sweta. Joto la mwili wa kichanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na anapotoka tumboni akiwa na unyevu hupoa haraka. Ndiyo maana hukaushwa mara moja, huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na huvishwa kofia. Kofia ni kazi ya jioni mbili tatu kwa mtu aliyezoea.

Vitambaa vya makochi vya bibi harusi havina hatari hizi, ila navyo humaliziwa: vichovye kwenye wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi, uvinyooshe kwa pini juu ya godoro lililofunikwa shuka kuukuu, viache vikauke. Wapo wanaotumia sukari badala ya wanga. Inakaza vizuri, na inaita sisimizi vizuri vilevile.

Kuhusu pasi, uangalifu unahitajika. Uzi mwingi unaouzwa kwenye maduka yetu ni wa akriliki, na pasi ya mkaa haina kipimo cha moto. Ikigusa sweta, uzi unalala, unang'aa na haurudi tena. Badala yake fua sweta kwa maji ya uvuguvugu, ikamue bila kuinyonga, uilaze juu ya taulo kivulini na uinyooshe kwa mikono mpaka ikae kwenye umbo lake. Ikikauka, iko tayari kupelekwa.