Ujumbe Ukifika Mara Mbili

Mteja ananunua umeme kwa simu. Fedha zimekatwa, lakini tokeni hazionekani. Anasubiri kidogo, kisha anabonyeza tena. Je, atakatwa mara mbili? Jibu lilishaamuliwa zamani, siku mfumo uliposanifiwa.

Ununuzi huo mdogo hupita kwenye mifumo ya kampuni ya simu, ya wakala wa malipo na ya shirika la umeme. Kila mmoja una seva na hifadhidata yake, na unaweza kuzimika wakati mingine ikiwa hewani. Mfumo wa kwanza ukiuita wa pili na kusimama ukingoja jibu, na wa pili ukaungoja wa tatu, ukizimika mmoja yote inakwama.

Usanifu wa ujumbe hukata mnyororo huo. Mtumaji huweka ujumbe kwenye foleni iliyohifadhiwa diskini, kisha huendelea na kazi nyingine. Mpokeaji akiwa amezimika, ujumbe humngoja. Maombi yakifurika, foleni hurefuka badala ya seva kuanguka.

Fikra hii ina mizizi mirefu katika simu. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Ericsson nchini Sweden, Joe Armstrong alianza kuijenga Erlang, lugha ya programu iliyokusudiwa mitambo ya simu isiyopaswa kusimama. Ndani yake, michakato haigusi kumbukumbu ya mingine. Huwasiliana kwa ujumbe tu, na mmoja ukifa, mwingine huarifiwa na kuuanzisha upya. RabbitMQ, programu ya foleni iliyotoka mwaka 2007, imeandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Hata hivyo, foleni haiondoi mashaka ya mtandao. Mpokeaji akimaliza kazi, hurudisha taarifa. Taarifa hiyo ikipotea njiani, mtumaji hana namna ya kujua kama kilichopotea ni taarifa au ni ujumbe wenyewe. Asipotuma tena, huenda kazi isifanyike kabisa. Akituma tena, huenda ikafanyika mara mbili. Mifumo ya malipo huchagua kutuma tena, na huo ndio uamuzi sahihi, mradi mpokeaji awe amejiandaa.

Maandalizi yenyewe ni haya: kila ombi lina namba yake ya pekee, isiyobadilika hata likitumwa mara kumi. Namba hiyo itungwe mteja anapoanza ununuzi, si kila anapobonyeza kitufe, la sivyo bonyezo la pili litaonekana kuwa ununuzi mpya. Mpokeaji naye aihifadhi katika muamala uleule wa hifadhidata unaokata fedha. Hapa wengi huteleza: hukata fedha kwanza, huandika namba baadaye, na seva ikizimika katikati, ujumbe unaorudi hukuta hakuna alama kwamba kazi imeshafanyika. Viwili hivyo viandikwe pamoja, au kisiandikwe hata kimoja.

Anayeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, jukwaa lake la kuunganisha programu, hukutana na mpangilio wa aina hii. Ombi lake likipokelewa, hupewa kwanza namba ya ombi. Habari kwamba mteja amelipa au hakulipa huletwa baadaye kwenye anwani aliyoitaja. Seva yake ikiwa chini wakati huo, habari inaweza kumpita. Kwa hiyo ni lazima pia aulize mwenyewe hali ya muamala, kwa namba ileile. Anayekaa kungoja tu amefanya nusu ya kazi, na atakayelipia nusu iliyobaki ni mteja aliyetoa fedha na hakupewa bidhaa.

Nawasihi wanaojenga mifumo ya malipo: kabla ya kuizindua, tumeni kila ujumbe mara mbili kwa makusudi, zimeni seva kazi ikiwa katikati, kisha linganisheni salio na miamala. Visipolingana, msizindue.